Papa Amundala na Nyumba za Tangawizi

Wasichana wa kazini waliniomba niwaandikie jinsi ya kujenga nyumba ya tangawizi isiyolegea, kwa sababu ile waliyoijenga sikukuu iliyopita ililala chali dirishani mbele ya wateja. Tangu nilipoacha kazi nakaa nyumbani na mikono haina la kufanya, basi naandika. Lakini siwezi kueleza nyumba hizo bila kumweleza mtu aliyenifundisha, kwa hiyo mtanivumilia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili tu, mtu wa oveni na mtu wa karai la vyombo, na mishahara ya wakati wa Zaire si mazungumzo ya mtu anayetaka chakula kishuke vizuri.

Niliingia kazini nikiwa msichana, bado naitwa Germaine, katika duka la keki la Mgiriki mmoja, si mbali na soko kubwa la Kisangani. Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la kanisani. Mkuu wa jikoni alikuwa Papa Amundala, mtu mpana, mpole, mwenye vidole vinene vya ukoo wa wavuvi. Alizaliwa pale pale kwenye maporomoko ya Wagenia, na ndugu zake wote walikuwa watu wa mitego ya samaki. Yeye peke yake ndiye aliyeingia kwenye unga. Vidole vile vile vinene viliweza kuandika jina zima la mtu kwa sukari juu ya biskuti moja.

Aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni.

“Umekuja kwa ndoa ya nani?”

“Nimekuja kwa kazi, Papa.”

“Bon. Vaa hii.” Akanipa aproni iliyonizunguka mara mbili, beseni la tangawizi, na kijiko.

“Kijiko, Papa? Si kisu?”

“Kisu inakula nyama. Kijiko inatoa ngozi tu. Kwangua.”

Nilikwangua asubuhi nzima. Macho yalitoka machozi, mikono iliwaka hadi jioni. Tangawizi ile tulikuja kuikata, kuikausha juu ya oveni na kuitwanga, na hadi leo sinunui ya unga sokoni, kwa sababu sijui aliyeitwanga alichanganya nini. Jioni Papa Amundala aliniuliza, “Kesho utarudia?” Nikasema nitarudi. Akaitika kwa kichwa. “Wale wengine walisema vilevile,” akasema, akaenda kuosha mikono.

Desemba ilipofika ndipo nilipoiona nyumba yenyewe. Ilikuwa desturi ya patron, yule Mgiriki, kuweka dirishani nyumba ya keki ngumu ya tangawizi, pain d’épices kama walivyoiita, yenye mlango, madirisha na bomba la moshi. Watu walisimama nje wakiangalia. Mimi niliangalia kutoka ndani, na juu ya paa niliona Papa Amundala ananyunyiza sukari nyeupe.

“Papa, ile nyeupe ni nini?”

“Neige.”

“Neige ni nini?”

“Sijaiona. Patron anasema kwao inaangukaka juu ya nyumba.”

“Kama majivu?”

“Kama majivu, lakini iko baridi.” Alirudi nyuma hatua moja, akaitazama kazi yake. “Mimi naona watu wa kule wanateseka.”

Sasa ile sehemu mliyoniomba. Asali, sukari na margarini vinayeyushwa pamoja kwenye moto mdogo. Asali yetu ilikuwa ya msituni. Ilishuka na treni ya Ubundu katika chupa za bia, na Papa Amundala, aliyehamia Lubunga, ng’ambo ya mto ambako treni inaishia, ndiye aliyeichagua na kuivusha. Ichujeni, maana nyuki wengine husafiri nayo. Mchanganyiko ukipoa hadi kidole kivumilie, tieni unga, tangawizi, mdalasini na karafuu, kandeni, kisha uacheni ulale hadi kesho yake. Unga usiolala hujikunja ndani ya oveni. Usukumeni, ukateni kwa vipande vya karatasi ngumu vilivyopimwa kama ukuta na paa. Ukitoka kwenye moto utakuwa umevimba, kwa hiyo ukateni tena kwa karatasi ile ile ungali moto. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanasema utajipanga wenyewe. Haujipangi.

Kisha, na hili ndilo la Kisangani, si la vitabu vya Wazungu: moto wa oveni ukishaanza kufa, rudisheni kuta ndani, zikauke. Hewa yetu ina maji mengi kuliko mtungi. Gongeni ukuta kwa ukucha. Ukilia kama sahani, toeni. Ukinyamaza kama mkate, rudisheni. Gundi ni ute wa mayai, sukari iliyotwangwa laini na matone ya limau, tuliyoiita glaçage, iwe nzito hadi kijiko kisimame. Simamisheni kuta leo, paa liwekeni kesho. Miguu ya meza itieni ndani ya makopo ya maji, la sivyo siafu watafika kwenye sherehe kabla ya wageni.

Miaka ilipita hivyo, kisha nchi ikabadilika majina, na sisi pamoja nayo. Germaine alibaki kwenye cheti cha ubatizo, mimi nikawa Sifa. Patron na Papa Amundala mwenyewe, wote waliitwa citoyen, yaani raia, mbele ya watu. Halafu maduka ya wageni yakagawiwa wananchi. Mgiriki wetu alishikana mikono na kila mmoja wetu, akaondoka, na duka likapewa citoyen Batindi, aliyekuwa karani katika ofisi moja ya mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ikipewa duka inapata sauti kubwa. Aliogopa unga wa ngano kukosekana, aliogopa watu wa Chama, aliogopa oveni.

Noeli nayo ikaondolewa kwenye siku za mapumziko. Tulikwenda misa alfajiri, kisha kazini, tukanuka ubani na siagi. Lakini watu waliendelea kuagiza nyumba za tangawizi, na sisi tukaziita nyumba za mwaka mpya, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwaka mpya unaanza tarehe ishirini na nne. Citoyen Batindi alitoa amri moja tu: hataki kuona neige, theluji ya Wazungu. Alisema nyumba iwe ya kwetu.

Papa Amundala hakubishana. Alitengeneza paa la majani kwa kuchora unga kwa uma, mstari kwa mstari, na pembeni mwa nyumba akasimamisha miti ya mitego ya Wagenia kwa vijiti vya biskuti, na mto wa sukari iliyoyeyushwa ukipita chini yake. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kujenga. Ila juu ya paa niliona weupe kidogo, na citoyen Batindi naye akauona.

“Papa Amundala, ile si neige?”

“Hapana, patron. Ni muhogo. Wanaanika.”

Batindi aliangalia muda mrefu. Mihogo huanikwa kweli juu ya mapaa. Akaenda zake.

Sijui hasa ni lini nilianza kuona kwamba macho ya Papa Amundala yana shida. Kwa miaka alikuwa anajikuna miguu, na ngozi ya mbele ya miguu yake ilikuwa na madoa meupe, lakini watu wengi waliokulia kwenye maporomoko wako hivyo, kwa hiyo sikufikiri. Kisha akaanza kugeuza kichwa upande alipokuwa anaangalia kitu. Akaanza kuniuliza, kama mtu anayenijaribu, “Sifa, rangi hii unaiona namna gani?” Nami nikajibu, nyekundu, Papa, au imezidi kidogo, nikidhani bado ananifundisha. Siku nyingine glaçage ilipita ukingo wa keki ikashuka mezani, na yeye akaendelea kukamua. Niliifuta. Tangu hapo nikawa narudisha kila chombo mahali pake pale pale: kisu kulia, limau kushoto, koni za karatasi za kukamulia glaçage katikati. Hakuna aliyepanga hivyo. Ilitokea tu.

Hatukuzungumza juu ya macho hadi alipoweka kiganja chote juu ya sahani iliyotoka kwenye oveni. Nilimkimbiza kwenye pipa la maji, nikaushika mkono wake ndani.

“Tangu lini, Papa?”

“Jicho la kushoto, siku mingi. Sasa la kuume linafuata.”

“Ulienda hospitali?”

“Nilienda. Munganga alisema ni wale nzi wadogo, weusi, wa maporomoko. Wanauma mutu tangu mutoto, mududu unatembea ndani ya ngozi mupaka kwa macho.” Alitoa mkono kwenye maji, akaukunjakunja. “Nikamuuliza dawa. Akasema hakuna, labda kama ningezaliwa mahali pengine.”

“Tutamwambia citoyen Batindi. Anaweza kukupa kazi nyingine.”

“Kazi gani? Ya kulinda mulango?” Akacheka kidogo, bila furaha. “Usiseme, mwanangu. Watoto yangu wawili bado wako kwa masomo. Bibi yangu, Mama Aziza, anauza beignets kwa barabara, lakini beignets hailipe shule. Acha nifanye sikukuu hii. Kisha tutaona.”

Nilikubali. Ninyi mnaosoma mtasema ilikuwa hatari, mtu asiyeona karibu na moto. Ilikuwa. Nilitembea nyuma yake siku nzima kama kivuli, na jioni nilichoka mwili wa watu wawili.

Sikukuu ile ndiyo ilikuja na agizo kubwa. Mke wa mkubwa mmoja wa mkoa alitaka nyumba ya tangawizi kwa karamu ya watoto nyumbani kwake, nyumba kubwa ambayo mtoto angeweza kuingiza kichwa mlangoni. Mkubwa huyo ndiye aliyekuwa anatia sahihi mgao wa unga wa ngano kwa maduka ya mikate. Citoyen Batindi alituita wote, akasimama kwenye kiti ingawa tulikuwa wachache na tulimwona vizuri.

“Unga iko inaisha,” alisema. “Madame akifurahi, tunapata unga. Madame akikasirika, tunafunga. Donc, Papa Amundala, ni wewe.”

“Ndiyo, patron,” alisema Papa Amundala, akiangalia kidogo pembeni ya mahali Batindi alipokuwa.

Mvua ilikuwa inanyesha kila siku. Tulioka kuta, tukazirudisha, tukazirudisha tena. Papa Amundala alizigonga moja moja kwa ukucha, sikio limeinama, na ukuta mmoja uliolia vibaya akauweka kando, tukaukausha upya. Nilijitolea kusimamisha nyumba mwenyewe, yeye aniongoze kwa maneno. Akakataa. Alisimamisha kuta kwa mikono yake, kidole gumba ndani, vingine nje, akisikiliza pembe kwa ngozi. Mimi nilitia rangi na madirisha ya sukari. Kesho yake tukaweka paa, na likakaa. Nilirudi nyuma kuitazama, nikasahau kwa muda kwamba ni kazi ya watu wenye macho mawili kati yao.

Wakati huo ndipo citoyen Batindi aliingia, amevaa abacost, suti isiyo na tai, ile yake ya sherehe, jasho usoni. Aliizunguka nyumba. Alifurahi hadi akashika mikono yake mwenyewe.

“Papa Amundala, iko muzuri. Muzuri sana. Kitu kimoja tu. Andika jina ya Madame juu ya mulango. Sasa hivi, nione. Wewe ndiye unaandikaka vizuri.”

Nilisema haraka, “Patron, acha niandike mimi, Papa ana mkono unaouma.”

“Mukono gani? Amejenga nyumba nzima.” Batindi alichukua koni ya karatasi, akamtia Papa Amundala mkononi. “Andika, Papa. Gari inangoja.”

Papa Amundala alisimama na koni. Nilidhani atasema kitu. Badala yake alitafuta ukingo wa mlango kwa kidole cha mkono wa kushoto, akakiacha pale kama alama, akaanza kuandika. Herufi ya kwanza ilitoka safi kabisa. Ya pili pia. Ya tatu ikapanda juu ya ya pili, na ya nne juu ya ya tatu, na yeye akaendelea hadi mwisho wa jina, polepole, kwa mkono usiotetemeka, akiandika jina zima la Madame mahali pamoja. Alipomaliza alikata glaçage kwa kuinua koni, kama alivyonifundisha.

Mvua ilisikika kwenye mabati.

“Ni nini hii?” aliuliza Batindi. Kisha akaangalia uso wa Papa Amundala, akapunga mkono mbele yake, mara moja, karibu sana. Papa Amundala hakupepesa.

“Citoyen patron,” alisema Papa Amundala, “macho yangu imekufa. Sifa hana kosa. Ni mimi nilimukataza.”

Batindi aliketi juu ya gunia. Lilikuwa moja ya magunia ya mwisho. Mwishowe aliuliza kwa sauti ndogo, “Sasa mimi nitasema nini kwa Madame?”

“Sema nyumba iko muzuri. Sifa ataandika.”

“Siwezi, Papa,” nilisema. Kuandika niliweza. Kilichonishinda ni kukwangua herufi zake.

“Lowesha kisu,” alisema. “Usisukume, telezesha tu. Futa.”

Nikafuta. Zilitoka nzima, kipande kimoja, kigumu nusu, nikakiweka kwenye sahani kwa sababu sikujua pa kukitupa. Kisha nikaandika. Papa Amundala alikuwa ameshika kona ya meza, akinisikiliza navuta pumzi, na nilipomaliza aliniuliza kama mstari umenyooka. Nikamwambia umenyooka. Ulikuwa unashuka kidogo mwishoni, lakini Madame hakuona, watoto hata kidogo, na unga ukaja.

Baada ya mwaka mpya citoyen Batindi alimwachisha Papa Amundala kazi. Alimlipa alichoweza na alimsindikiza mwenyewe hadi kwenye pirogi ya kuvukia, amemshika kiwiko, jambo ambalo sikulitegemea. Alirudi, akaniambia kwamba mtu asiyeona hawezi kukaa karibu na oveni, na kwamba sasa ni mimi. Alikuwa na haki, na nilimchukia hadi Pasaka.

Jumapili ya kwanza nilivuka kwenda Lubunga. Nilikuta Papa Amundala amekaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, mikono juu ya magoti, na hilo ndilo lililoniuma kuliko macho. Tangu nimjue sikuwahi kuona mikono ile imepumzika. Mkewe, Mama Aziza, alikuwa mbele anang’ang’ana na beseni la unga wa beignets, yale maandazi yake ya barabarani, maana unga ule hupigwa kwa mkono hadi ujae hewa.

“Mama, mabega yako hayaumi?” nilimuuliza.

“Inauma tangu Lumumba,” alijibu.

Nilibeba beseni lile nikalipeleka nyuma, nikaliweka juu ya magoti ya mumewe. Aligusa ukingo, akaingiza vidole ndani. “Aziza!” aliita. “Hii unga yako iko nzito kama udongo. Watu wanakulaka hii?”

“Wanakula na wanarudia!” alijibu Mama Aziza kutoka mbele. “Kama unajua, piga wewe!”

Akapiga. Tangu siku ile yeye ndiye aliyepiga unga, na mkewe akakaa kwenye mafuta. Mimi nilipeleka tangawizi kutoka dukani kila nilipovuka, na baada ya muda watu wa treni ya Ubundu walijua kwamba Lubunga kuna beignets zenye moto ndani, karibu na gare, kituo cha treni. Shule ya watoto haikulipwa yote. Mmoja alimaliza, mwingine akaingia kwenye biashara ya mto kabla ya wakati. Siwezi kuandika kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Dawa ya ugonjwa ule ilifika Kisangani baadaye sana, watoto wa maporomoko wakaimeza, na kwa macho yake ilikuwa imechelewa.

Desemba iliyofuata nilijenga nyumba ya dirishani peke yangu. Pembeni nikajenga nyingine, ndogo, ya ukubwa wa sufuria, nikaifunga kwa kitambaa, nikaivusha kwa pirogi juu ya magoti, mwavuli juu yake, mimi nikilowa. Mpiga kasia aliniuliza nimebeba mtakatifu gani.

Niliiweka mezani mbele ya Papa Amundala. Wajukuu walikuja wakaizunguka meza. Aliosha mikono kwanza, akaikausha, kisha akaigusa. Alipanda ukutani, akapita pembe zote, akagonga kwa ukucha na kutega sikio. Alihesabu madirisha kwa ncha ya kidole. Alifika kwenye paa, akalifuata mstari kwa mstari hadi chini, na hapo akakaa kidogo. Niliogopa kuliko siku ya Madame.

“Mulango iko wazi,” alisema.

“Ndiyo, Papa. Niliuacha wazi.”

“Bon.”

Kisha alishika paa kwa mikono miwili akalivunja. Nilipiga kelele. Yeye alikuwa tayari anagawa, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, akitafuta mikono ya watoto hewani, na watoto wakicheka na kusukumana. Mama Aziza alipata ukuta wenye dirisha. Mimi nilipewa bomba la moshi.

“Unalia?” aliniuliza.

“Ni moshi.”

“Moto hakuna hapa, Sifa.”

Aliweka kipande mdomoni, akatafuna taratibu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Alimeza, akapangusa vidole.

“Ukuta iko muzuri,” alisema. “Glaçage iko muzuri. Karafuu imezidi.”

Nilionja bomba langu la moshi. Imezidi kweli. Mwaka uliofuata nikapunguza, nanyi mpunguze.